Haja ya Yuster

Kila aliyemuuliza Ildefonsa kwa nini mwanawe Yuster bado anafungwa nepi, naye mwenyewe mimba imeshamfika kidevuni, alijibiwa kistaarabu: nesi kasema mtoto akifundishwa choo wakati mdogo wake yuko njiani, mdogo akizaliwa tu ataanza tena kujikojolea. Huenda nesi alisema kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa imeketi uani ikichambua maharage, na jina lake Nyamizi.

Nyamizi, mama mkwe, alikuwa ametoka Nyamigogo kuja kumsaidia mkwewe mjamzito. Siku aliyofika Kasulo, hata mzigo hajatua, alitangaza kwamba akirudi kwake atamchukua Yuster, ili mama ahangaike na kichanga tu. Ila aliweka sharti.

"Nepi sifui," alisema. "Za Jeremia zilinitosha. Siku huyu atakayojua kwenda haja, tunaanza safari."

Jeremia, mume wa Ildefonsa, aliona mama yake anawasaidia. Ildefonsa aliona anaporwa mtoto. Kubishana na mama mkwe hakuweza, basi akashikilia nepi. Alifunga, alifungua, alifua mgongo ukimuuma, na hakulalamika hata mara moja. Nepi ndiyo iliyokuwa ikimzuia mwanawe asiondoke.

Hakujua kwamba kila alipojilaza mchana, nyuma ya jiko darasa lilikuwa likiendelea.

Jumapili walikwenda kanisani. Desderius, katekista aliyeipenda sauti yake kuliko waumini walivyoipenda, ndiye aliyeongoza maombi. "Sasa," alisema akifumba macho, "kila mmoja wetu amtolee Mungu haja yake."

Yuster akateremka kwenye benchi. Akasimama njiani katikati, akapandisha gauni, akahangaika na nepi mpaka ikashuka, kisha akachuchumaa na kukunja uso, mtiifu kuliko Mkristo yeyote mle ndani.

Ildefonsa alimnyakua, tumbo na yote, akatoka naye mbio. Kwenye nyasi nyuma ya kanisa alimtua, na mtoto akamaliza shughuli yake bila wasiwasi.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Bibi anasema haja, mimi nafanya."

Ildefonsa alitamani kulia. Ndani waliendelea kutoa haja zao huku wanakwaya wakichekea puani, naye yake ilikuwa moja tu: mtoto abaki. Aliinama kuitoa nepi iliyobaki miguuni, na hapo ndipo maneno ya mtoto yakamrudia. Bibi anasema, mimi nafanya. Kumbe Yuster hakufundishwa kusema akibanwa. Alifundishwa kutii neno.

Nepi haikurudi kiunoni. Ildefonsa aliitia mkobani, akatoa chupa ya uji, na Yuster akanywa mpaka tone la mwisho.

Misa ilipoisha, Nyamizi hakuwa na aibu hata chembe. Alimbeba mjukuu mgongoni kwa kitenge chake kipya, akawa anazunguka kwa wanawake pale nje akipokea pongezi. Siri ilikuwa imefichuka, basi aliamua kujivunia.

"Wiki hii tunaondoka," alimwambia mkwewe.

"Asante sana, mama," alisema Ildefonsa, kwa sauti ya mkwe mwema kabisa. "Kwa hiyo nepi za njiani hazina haja?"

"Haja gani tena?" Nyamizi alicheka, akihakikisha wenzake wanasikia. "Huyu sasa ni mtu mzima. Hana haja ya..."

Kitenge kilikuwa kimeanza kubadilika rangi, kutoka kiunoni kikishuka taratibu hadi kwenye pindo.

"Bibi," alisema Yuster kwa fahari, "nimefanya."

Wanawake wakageuza nyuso. Nyamizi alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, naye mkwe alikuwa ameinamisha macho kwa heshima zote. Mwishowe pembe za mdomo wa mama mkwe zikaanza kucheza.

"Wewe mwanamke una akili mbaya," alisema.

"Nimejifunza kwako, mama. Huyu bado hajaiva. Kaa naye hapa hapa, umalizie."

"Nitakaa." Alipangusa mgongo. "Lakini hilo neno tulibadili."

"Hakuna haja, mama."

Nyamizi alifungua kitenge haraka, akamshusha mtoto chini.