Mawe Thelathini

Dadu tano zilisimama juu ya kreti ya karoti iliyopinduliwa, na Ilham akazisoma kabla mtu mwingine hajainama. Mbili, tatu, moja, nne, nne.

"Kumi na nne! Mara sita, themanini na nne. Mzee Ulimboka, kapona! Mama Kikapu kapona!"

Abdulaziz, kaka yake Ilham na mwenye ghala, alimpiga mzee begani hadi kofia ikamkalia upande. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na malori ya kabichi yaliyokuwa yakiteremka kwenda Mombo yalisikika bila kuonekana. Jioni zote za Jumapili pale Soni zilikuwa hivyo: gunia la kukalia, chupa ya chai ya tangawizi, na mchezo ambao mwalimu Jackline aliutoa chuoni Morogoro. Yeye husimulia, wenzake watatu, kila mmoja hubeba mtu wake ndani ya simulizi na kumsemea, na pale maneno yanaposhindwa kuamua, dadu huamua. Ulimboka aliingia humo siku moja kukwepa mvua. Aliuliza swali, likazaa jingine, na mpaka leo hajamaliza kuuliza.

Siku hiyo, ndani ya simulizi, jitu la mlimani lilikuwa limebomoa genge la mawe juu ya Mama Kikapu, mtu wake Ulimboka, aliyebaki nyuma kuziba njia ili wenzake wavuke. Pigo la dadu thelathini, kila dadu jiwe moja. Uhai wake ulikuwa mia na tano. Pigo likifika hapo, basi tena. Na ghalani dadu zilikuwa tano tu, zilizookotwa kwenye ludo zilizochakaa.

"Tunaweza kuchukua wastani," Jackline alikuwa amesema, "lakini wastani wenyewe ni mia na tano. Unamuua bila hata kurusha. Au turushe hizi tano, tuzidishe kwa sita."

Wakarusha, wakazidisha, akapona. Ulimboka peke yake hakushangilia. Alizitazama zile dadu kama mtu anayekutana na sura anayoijua lakini hakumbuki waligombania wapi.

"Mwalimu, zile ishirini na tano nyingine ziko wapi?"

"Hazipo, mzee. Tumezikadiria."

"Kwa hizi tano?"

"Kwa hizi tano."

"Ahaa," alisema Ulimboka. Sasa alikuwa amekumbuka.

Ilikuwa kwenye shamba la chai, juu ya Bungu, alikofika kijana kutoka Tukuyu na koti moja. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya kibanda. Jioni wachumaji wakishusha vikapu, nyapara alitundika kimoja, kimoja tu, akazidisha kwa idadi ya watu wa kundi, akafunga kazi. Giza linaingia, alisema, mnataka kulala hapa? Na mkono wake, ajabu, haukukosea njia: uliangukia kikapu cha mgeni ambaye vidole vyake vilikuwa bado havijajua jani, au cha mjamzito aliyechoka. Kikapu cha Zipora hakikutundikwa hata siku moja. Zipora, ambaye mikono yake ilidonoa majani kama kuku kwenye uwanja wa mtama! Ulimboka alikuwa ameshamwoa siku aliposimama na kusema vitundikwe vyote. Wenzake walikuwa na njaa, njia ya nyumbani ilikuwa na matope, na mmoja wao, wa kundi lake mwenyewe, akamwambia akae chini. Wenye shamba walimfukuza wakamwita mchochezi. Jina hilo alilivaa, likamkaa vizuri kuliko lile koti.

Zipora aliendelea kuchuma mpaka mgongo ukakataa. Sasa amelala kaburini kwao Gare, na hakuna mtu juu ya ardhi hii anayejua alikuwa akichuma kiasi gani. Ulimboka ndiye aliyempa Mama Kikapu fundo la kanga upande wa kushoto, na tabia ya kutovuka kijito bila kunawa miguu. Wenzake hawakumuuliza. Walielewa.

"Zirushwe zote," alisema.

"Nini?" Ilham aliweka kikombe chini.

"Dadu thelathini, zirushwe thelathini. Hizo tano zihesabiwe, halafu tuendelee na zilizobaki."

"Mzee wangu," Abdulaziz alishika kichwa, "hakimu kakuachia huru, na wewe unarudi kumwomba kesi isikilizwe upya? Toka nje, ufurahi!"

"Atakufa, babu," Ilham alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Mwambie, mwalimu."

Jackline hakucheka. "Mzee, nikuambie ukweli. Tukirusha zote, uko ukingoni kabisa. Huenda akapona, huenda asipone. Kanuni inaruhusu kuzidisha. Hakuna atakayekulaumu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Miaka yote Ulimboka alikuwa ameichukia mizani ile, na kumbe hajawahi kuiona ikiinama upande wake. Ilikuwa na utamu. Sasa alimwelewa yule mwenzake aliyemwambia akae chini, na kumwelewa huko kulimuudhi.

"Nilisema vitundikwe vyote," alijibu hatimaye. "Sikusema vitundikwe vyote vikinifaa." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayechungulia dirishani. "Halafu nataka kujua, mwalimu. Hayo mawe mengine yalifanya nini?"

Jackline aliziokota dadu polepole, akazitia kiganjani mwake.

"Tujue basi," alisema.

Kumi na tisa. Abdulaziz aliandika kwa chaki ubavuni mwa kreti. Jackline alizigusa moja moja: hii iliyoonyesha sita ilivunja mpini wa jembe lake; hii ya moja ilikuwa changarawe tu, ilimwingia kwenye nywele. Kumi na sita. Sasa hata Ilham alikuwa amepiga magoti sakafuni, akitaka kujua jiwe la tatu lilipita kulia au kushoto. Ishirini na mbili, na ghala lote likaguna. "Hili la mbili lilimkosa kidogo," Ulimboka alisema, "lilipasua kanga." Jackline akakubali kwa kichwa. Kumi na nane.

"Themanini na tisa," Abdulaziz alisoma. "Zimebaki tano. Kumi na tano kushuka chini, anapona."

Ulimboka alizirusha mwenyewe. Sita. Mbili. Tano. Moja. Ya mwisho iligonga msumari wa kreti, ikazunguka kwenye pembe yake, na wote wanne wakaiinamia wakiomba moja. Ikakaa. Nne.

Hakuna aliyehitaji chaki, lakini Abdulaziz aliandika: mia na saba.

"Pole, babu," Ilham alisema.

"Wastani ulikosea kwa mbili tu," Jackline alinong'ona.

"Mbili tu!" Ulimboka aliinua uso, na macho yake yalikuwa na maji na udadisi kwa pamoja. "Huo wastani ulikaribia sana. Ila usingeniambia habari ya kanga." Alikigeuza kikombe chake kitupu mkononi. "Wenzake walivuka?"

"Walivuka," Jackline alisema. "Vumbi linatulia. Mnarudi nyuma kumtafuta. Yupo chini ya mawe. Kikapu chake kimesimama pembeni, hakijapinduka."

Malori yalikuwa yamenyamaza. Ilham alimtazama kaka yake, kisha mzee, kisha akajiweka sawa kwenye gunia kama mtu anayejitwika.

"Nakichukua mimi," alisema.

"Kizito?" Ulimboka aliuliza upesi.

"Kizito, babu."

"Kiasi gani?"

Ilham akamgeukia mwalimu. Jackline alikusanya dadu zote tano kutoka juu ya kreti, akakishika kiganja cha mzee, akazimimina humo.

"Rusha," alisema. "Usiache hata moja."