Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Jumanne ya mwisho ya Julai, saa nne asubuhi, Lorraine Przybysz alikuwa katika chumba cha kufulia, chini ya majukwaa ya uwanja wa Gannett, akipiga pasi suruali ishirini na sita za wachezaji wa besiboli. Kazi yake ilikuwa kufua, kupiga pasi na kushona majina migongoni mwa jezi, na alikuwa ameifanya miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amefika suruali ya kumi na nne Dutch alipoingia bila kubisha hodi. Dutch alikuwa mzee wa kukata tiketi mlangoni, na habari ikimfika haikulala kwake.

"Wanajenga upya," Dutch akasema.

"Nani?"

"Ofisi. Wamemuuza Ubiera. Tuko michezo miwili tu nyuma ya vinara, Lorraine, michezo miwili! Na wanajenga upya."

Kujenga upya, kwa lugha ya besiboli, ni kuuza wachezaji walioiva, kuchukua wabichi, kisha kuwaambia mashabiki wangoje. Safari hii waliambiwa wangoje miaka mitano. Ubiera alipendwa na mji mzima, hata na wanawake ambao hawakujua mchezo unahesabiwaje. Aliuzwa kwa Korongo wa Bellhaven, huko kusini kwenye jua, na badala yake Wahunzi wa Gannett walipata, kama mkataba ulivyosema, mchezaji atakayetajwa baadaye.

Hiyo ni desturi ya zamani ya ligi. Timu mbili zikishindwa kukubaliana ni nani atolewe, huandika hivyo na kujaza jina miezi kadhaa mbele. Kwa kawaida mtu mwenyewe hukaa alipo mpaka atajwe. Huyu alikuja na basi la saa tano.

Alikuwa kijana mrefu wa miaka kama ishirini na minne, na begi moja. Uso alikuwa nao, mzuri tu, ila ukigeuka kuchukua kitu unakuwa umeshausahau.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa jezi nachukulia hapa."

"Marahaba. Jina?"

"Bado."

Lorraine akampima mabega kwa macho. "Mabega lakini unayo. Umekula?"

"Sijala tangu Bellhaven."

Hotelini walimkatalia kwa kuwa hakuwa na cha kuandika kwenye kitabu cha wageni. Basi Lorraine akamchukua nyumbani kwake, Mtaa wa Pulaski, akampa chumba cha juu. Alikuwa mjane. Mumewe, Caz, alitunza nyasi za uwanja ule miaka ishirini na minane, akafariki akimwagilia maji kituo cha tatu, kona mojawapo ya uwanja ambako mchezaji hukimbilia. Mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo jina la Przybysz lilikuwa limebaki mahali pawili tu pale mjini: kwenye sanduku la barua la Lorraine na kwenye jiwe la Caz makaburini.

Jumapili nyumba ya Lorraine ilikuwa ikijaa. Alipika pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, sufuria mbili, na kila aliyepita akasikia harufu aliingia. Jumapili ile gumzo lilikuwa moja tu.

"Mimi nasema tujenge," alisema Renata, mpwa wa Lorraine, mwenye saluni. "Kila mwaka tunakosa kidogo, kila mwaka tunalia. Afadhali tuoze kabisa mara moja, tuanze na damu changa."

"Damu changa!" Dutch akaweka uma chini. "Nina miaka sabini na tisa. Hapa kifuani nina kifaa cha betri, na betri yenyewe wameniambia ni ya miaka mitatu. Wewe unaniambia mitano. Hiyo miwili moyo nitauendesha kwa umeme wa nini, wa dryer yako?"

Watu wakacheka. Renata naye akacheka, ila hakukubali. "Babu, timu haiwezi kupangwa kwa betri yako."

"Basi niambie, kiwanda cha chuma walipokifunga walisemaje? Si walisema wanakijenga upya? Haya, chungulia dirishani."

Hakuna aliyechungulia. Walijua nyasi zimefika kiunoni.

Mgeni alikula pembeni ya meza. Watu watatu tofauti nusura wamkalie wakidhani kiti kile hakina mtu.

Kesho yake asubuhi alifanya mazoezi na wenzake. Alipewa gongo la kupigia, akarushiwa mipira arobaini, na arobaini yote akaipiga nje ya uzio. Kocha, Ozzie Tarrant, mtu wa kutafuna mbegu za alizeti, alisahau kutafuna. Siku hiyohiyo akapanda ofisini kwa meneja mkuu, Pruitt Lang, kijana wa suti aliyekuwa na chati za rangi ukutani.

"Mtaje huyu leo," Tarrant akasema. "Tunachukua ubingwa."

"Huyo ni wa baadaye, Ozzie," Lang akajibu kwa upole. "Ukimtumia sasa, baadaye tutakuwa na nini?"

Bila jina mchezaji haandikwi kwenye kadi ya mwamuzi, na asiyeandikwa hachezi. Mkataba ulisema pia kwamba asipotajwa hadi msimu uishe, Bellhaven watapeleka sanduku la mipira ya mazoezi badala yake, na mambo yataishia hapo. Lorraine aliuliza ofisini kijana mwenyewe ataenda wapi. Karani akapitia kurasa zote, akasema hilo halikuandikwa.

Wiki ya tatu ya Agosti kivuli cha kijana kikaanza kuchelewa. Alikuwa akiingia jikoni, anaketi, anamimina kahawa, ndipo kivuli kinamfuata kutoka barabarani. Wiki ya nne Lorraine aliandaa sahani mbili, akala peke yake, akakumbuka baada ya kuosha vyombo kwamba kijana alikuwa ameketi mbele yake muda wote.

"Ungeniambia, mwanangu!"

"Nilikuambia, mama. Mara mbili."

Usiku ule Lorraine hakulala vizuri, na asubuhi akatoa jezi namba kumi na saba, akatoa kopo la herufi, akachagua nane. Alizishona kwa mkono, uzi maradufu, kama alivyowashonea wachezaji mia sita kabla yake.

Kijana akaishika jezi mbali kidogo, akaisoma. "Hili linatamkwaje?"

"Pshibish."

"Maana yake?"

"Caz alisema huko kwao ni mtu aliyefika."

"Basi ni mimi," akasema, akaivaa. Kivuli chake kikaingia mlangoni mbio.

Tarrant alimgeuza kijana. Alisoma mgongo, akaandika kwenye kadi, akampelekea mwamuzi. Mwamuzi aliangalia kadi, akaangalia mgongo, vikalingana, akasema mpira uanze. Ofisi haikuweza kulipinga jina lililokwisha kuchezwa, maana sheria ya ligi ni hiyo.

Septemba hiyo Gannett ilishinda michezo kumi na tisa kati ya ishirini na mitatu. Watu walianza kusalimiana barabarani, hata waliokosana kwa mambo ya ua na mbwa. Renata alipaka kioo chote cha saluni jina la Przybysz kwa rangi ya mdomo. Dutch alikata tiketi hadi vidole vikakauka. Mtangazaji wa uwanja alikosea jina mechi nne, ya tano akalipata, na Lorraine, chini kwenye mashine za kufulia, alilisikia likishuka kupitia zege: jina la Caz, limebebwa na watu elfu thelathini. Alizima mashine ili asikie vizuri.

Walikosa ubingwa kwa mchezo mmoja. Hakuna aliyelia. Mji mzima, na Renata mbele yao, ulikuwa na neno moja: mwakani. Wabaki hawahawa, aongezwe mrushaji mmoja mzuri wa mkono wa kushoto, mwakani ni wetu.

Novemba ofisi ikamuuza Przybysz kwa Korongo wa Bellhaven.

"Thamani yake haitapanda tena hapa ilipo," Lang aliwaambia waandishi. Kwa ajili yake Gannett ilipata vijana watano wa kujenga nao upya. Wanne walikuwa bado shuleni, na wa tano alitarajiwa kuzaliwa Machi. Waandishi waliuliza kama huyo wa tano anatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Lang akasema wataalamu wameridhika na mama yake.

Kijana alikuja kuaga na begi lake lilelile.

"Wameniuza, mama."

"Mtu asiye na jina hauziki," Lorraine akasema taratibu. "Nimekushonea bei mimi mwenyewe."

"Umenishonea kivuli," kijana akasema. Akambusu kwenye paji la uso, akaenda kupanda basi.

Mkataba ulisema anakwenda na jina lake lote. Kesho yake sanduku la barua la Lorraine lilikuwa bati tupu. Leseni yake ya gari ilisoma Lorraine, kisha nafasi. Makaburini jiwe la Caz lilikuwa laini kama sabuni, limebaki na tarehe mbili, na hata zile alizipata kwa kupapasa. Padri, alipofika kwenye orodha ya kuwaombea marehemu, alinyamaza kidogo mahali pa Caz, akaendelea na wa chini yake.

Lorraine akavaa koti la kanisani, akaenda kwa Lang. Lang alimvutia kiti, akamwagizia kahawa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mkataba, akamwonyesha mstari.

"Ungetushauri kabla ya kushona, mama. Jina sasa ni mali ya Bellhaven."

"Nitalipataje?"

"Inategemea wao. Mwakani wakianza vibaya, Julai wataamua kujenga upya, nao watauza. Wakianza vizuri, wataendelea kuwania ubingwa, na timu inayowania haiachii kitu."

"Na wakiuza, nyinyi mtamnunua?"

"Sisi tunajenga upya, mama." Akafikiri. "Ila jina peke yake, hilo tunaweza kuliomba."

Alimsindikiza hadi kwenye lifti.

Msimu mpya ulipoanza, Gannett ilipoteza michezo kumi na moja ya kwanza. Uwanjani sauti ya mtu mmoja akikohoa ilifika upande wa pili. Watu wakahamia sebuleni kwa Lorraine, mchana wa Jumamosi, kusikiliza mechi za Bellhaven kwenye redio, maana yule alikuwa mtoto wao. Walikaa kwenye makochi, kwenye ngazi, Dutch kwenye kiti cha karibu na redio kwa sababu ya masikio. Lorraine alipita na sinia.

Jumamosi ya pili ya Julai, Bellhaven walikuwa nyuma kwa pointi moja, kituo cha pili kina mtu, na zamu ya kupiga ikawa ya Przybysz.

"Piga, mwanangu!" Renata akapaza sauti. "Waonyeshe ulikolelewa!"

Redio ikapasuka kwa kelele. Nyumba nzima ikasimama. Dutch alimkumbatia mtu aliyekuwa karibu, bila kujali ni nani. Lorraine alisimama pia, ili asionekane amekaa, na alipiga makofi. Mtangazaji wa kusini akalitaja jina mara mbili, sawasawa, herufi zote mahali pake, kama Caz alivyolitamka siku ya kwanza alipomwomba wacheze dansi.

Bellhaven sasa waliongoza ligi kwa michezo saba.

Lorraine alikuwa wa kwanza kuketi. Akaweka sinia mapajani, akafumba macho, na wakati wenzake bado wanashangilia akamwomba Mungu kijana yule avunjike kidole. Kidole kimoja tu, kile kidogo, cha mkono wa kushoto, na kisimuume sana.