Fimbo Aliyowekewa Bosi

Kwetu Mbweni kitu kizuri hakitumiki. Sahani za maana ziko kabatini zinasubiri wageni, makochi yamefunikwa vitambaa mwaka mzima, na mume wangu Adelard ana viatu ambavyo havijawahi kukanyaga vumbi. Kwa hiyo aliposhinda fimbo bora katika mchezo wa gofu wa kompyuta waliocheza watu wa ofisini kwake, hakuigusa. Aliiweka akiba kwa siku atakayocheza na bosi.

Bosi mwenyewe, Bwana Projestus, alishika kampuni serikali ilipoiuza, na tangu hapo watu walikuwa wanapunguzwa kazi kila mwezi. Alipenda kucheza na wafanyakazi wake kupitia waya wa simu, kila mtu na kompyuta yake nyumbani. Ofisini walinong'ona kwamba anayemwaibisha mchezoni hamalizi mwezi. Nilikuwa naogopa hata kuitazama ile mashine.

Jumapili moja, tumetoka misani, bosi akamchagua Adelard awe mwenzake dhidi ya wafanyabiashara wa Johannesburg. Adelard akaitoa fimbo yake kwa mbwembwe. Ilikuwa na kutu. Kumbe waliotengeneza mchezo walitaka uwe kama kweli, fimbo isiyotumika wala kufutwa inaoza kama jembe lililosahauliwa stoo. Na sheria haikuruhusu kubadilisha fimbo ukishaitoa.

"Labda itavumilia," alisema.

Akapiga. Fimbo ikakatika, mpira ukabaki palepale, na kwa kuwa hakuna kubadilisha, mechi ikaishia hapo, wameshindwa. Simu ilikuwa imeshikwa na mchezo, kwa hiyo hatukujua bosi anasema nini huko kwake. Adelard alipochomoa waya tu, simu ikalia, naye akarudi nyuma hadi ukutani. Nikapokea mie.

Bosi hakufoka, na heri angefoka. Aliuliza kwa upole fimbo imeozaje. Nikamweleza kwamba mwenzangu alikuwa anaitunza kwa ajili yake.

"Ndivyo alivyo, Mama Clara," alisema. "Kompyuta niliyompa ofisini mpaka leo iko kwenye boksi, kazi zangu anaziandika kwa mkono. Kesho asisumbuke kuja."

Nikarudisha simu taratibu. Adelard alikuwa ananitazama usoni.

"Kasema nini?"

Nikamwambia wamekosea namba. Akashusha pumzi, akaenda kupiga pasi shati la kesho.