Sekunde Kumi na Mbili Nyuma ya Jengo la Saba

Mzee Guk, mlinzi wetu, aligongwa na gari asubuhi ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja, akiwa ameinama anapanga maboksi ya taka nyuma ya Jengo la Saba. Nyonga ilivunjika. Hata hajafikishwa hospitali, kundi letu la simu, lenye watu elfu moja na mia mbili wa maghorofa yote, lilikuwa limeshampata mhalifu.

Mimi ndiye niliyewasaidia kumpata. Nalisema mapema, maana nimechoka kulizungukazunguka.

Mtu mmoja alituma video iliyonaswa na kamera ya gari lake lililokuwa limeegeshwa pale. Sekunde kumi na mbili tu. Gari la rangi ya fedha linatokea nyuma ya misonobari, linamkumba mzee mgongoni, linapanda ukingo wa bustani na kusimama. Vioo vyake ni vyeusi, ndani huoni kitu. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Video inaishia hapo.

Hapa mjini kwetu Gunsan kila gari lina kikaratasi cha namba ya simu kwenye kioo cha mbele, ili ukimzibia jirani njia akupigie ushuke. Ni adabu tu ya kuishi pamoja. Kwenye video namba ile haikusomeka. Lakini mimi ni dobi, miaka kumi na tisa natafuta madoa kwenye makoti ya watu, macho ninayo. Niliikuza picha, nikapunguza mwanga, nikaikuza tena, mpaka tarakimu zote kumi na moja zikakaa wazi. Nikaituma kundini kwa jina langu la bandia, Mvuke, na maneno haya chini yake: "Mpigieni mwoga huyu, muulizeni kama chai imempita kooni." Nilipata dole gumba mia nne. Sitadanganya, nilifurahi.

Namba ilikuwa ya Bang Taeung wa Jengo la Pili, kijana anayeendesha basi la njano la chekechea. Simu yake ililia siku nzima mpaka akaizima. Alieleza, tena kwa heshima, kwamba jana yake alikosa nafasi, akaliacha gari nyuma ya mengine kama tunavyofanya sote, bila gia na bila breki ya mkono, ili mwenye haraka alisukume kwa mkono apite. Saa ile ya ajali, alisema, yeye alikuwa bafuni anaosha nywele. Kundi likamcheka sana. Watu wakawa wanaulizana ameosha na sabuni gani.

Polisi walilichukua gari, wakasema tusubiri. Kamera ya jengo iliyoelekea upande ule ilikufa tangu kimbunga cha mwezi wa nane, na kamati ilikuwa bado inagombana kuhusu fundi. Watu wetu hawawezi kusubiri. Sisi hata lifti tunaibonyeza mara tatu. Jumatano chekechea ilimwambia Taeung apumzike nyumbani kwanza, wazazi wana wasiwasi. Alhamisi mtu alituma picha ya mama yake Taeung akiwa sokoni amebeba figili, na chini kaandika kwamba huyu ndiye aliyemlea.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kulikuwa na waliosema dereva amekimbia, na kulikuwa na waliosema gari limesukumwa. Hakuna aliyekuwa katikati. Ilikuwa wiki ya kutia kabichi chumvi kwa akiba ya majira ya baridi, na wanawake wa Jengo la Nne ambao kwa miaka tisa walitumia beseni moja waligawana mabeseni, kila upande na kabichi zake. Mimi nilikuwa wa amekimbia, tena wa mstari wa mbele. Mteja mmoja aliniambia dukani kwamba taa za breki kwenye video haziwaki hata kidogo, na gari lenye dereva lingewasha. Nilimkunjia sketi zake mbichi hivyohivyo na kumwambia atafute dobi mwingine.

Jumamosi akaja Mama Seorin.

Jina lake Yeom Miok, mjane, mpishi wa shule ya msingi, anakaa Jengo la Saba. Binti yake Seorin alikuwa mwaka wa mwisho, na mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Ukiwa na mtoto wa mwaka huo, nyumba nzima hutembea kwa ncha za vidole. Mama Seorin alijitoa kundini tangu mwezi wa tatu ili simu isimlie usiku, na habari za mtaa alizipata kwangu. Alijua Mzee Guk kagongwa, na mara mbili alikuwa amempelekea uji wa maboga hospitalini. Zaidi ya hapo hakujua.

Alileta makoti yake meupe ya jikoni. Nilimmiminia chai ya shayiri, nikamwonyesha video, nikamsimulia yote ya Taeung, nikamwambia kwa majivuno kwamba aliyeikuza namba ni mimi, asimwambie mtu. Akaitazama. Akaniomba niianzishe tena. Akaitazama mara ya tatu na kikombe kikiwa bado mkononi, hajanywa.

"Dada," akasema, "hili gari nimelisukuma mimi."

Nilidhani anatania. Akaeleza. Jumanne alikuwa anachelewa, mchele wa watoto mia tatu haujisafishi. Gari la fedha lilimzibia. Akaegemeza nyonga kama siku zote, akalisukuma, likaenda jepesi, yeye akaingia lake akaondoka. Hakugeuka. Nyuma ya misonobari ile ardhi inainama kidogo kuelekea mfereji, kidogo mno, ukitembea kwa miguu huijui.

Nilifunga mlango wa duka. Nitasema nilichomwambia, ingawa sijivunii. Nilimwambia anyamaze. Polisi wataligundua wenyewe, taratibu. Nilimwambia hawa watu nawajua, mimi ni mmoja wao, wakishapata jina lake watamfuata Seorin mpaka kwenye dawati la mtihani.

"Ni siku kumi na mbili tu," nikasema. "Mtoto amalize, halafu useme. Nani atakulaumu?"

"Na huyo kijana?"

"Ameshavumilia siku tano. Atavumilia."

Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake. Afadhali ingekuwepo.

"Seorin akifeli atarudia mwakani," akasema. "Huyu kijana atarudia nini, dada? Watoto wa basi lile wameshaambiwa yeye ni mtu gani. Mimi nikikaa na hili siku kumi na mbili, siku ya kumi na tatu nitatafuta sababu nyingine. Najijua."

Akayaacha makoti mezani, akaenda kituo cha polisi kwa miguu. Nilitoka mpaka mlangoni kumtazama. Alitembea kama mtu anayekwenda kazini, mkoba begani, wala hakuharakisha. Nimeishi miaka hamsini na minane na sijawahi kumheshimu binadamu kama nilivyomheshimu yule mwanamke akivuka barabara kwenye taa.

Jioni alimwambia binti yake wakiwa mezani, supu ya soya ikipoa. Seorin aliuliza Mzee Guk atatembea tena au la, akaambiwa daktari anasema atatembea. Akauliza kama mama atafungwa, akaambiwa haijulikani. Akamaliza wali wake, akamwambia mama aandike usiku uleule, kwa sababu kesho ana hesabu za majaribio na hataki kulifikiria wakati wa hesabu.

Mama Seorin akajiunga tena na kundi, akaandika. Hakutumia jina la bandia. Aliandika Yeom Miok, Jengo la Saba, mlango wa mia tisa na mbili. Aliandika alivyolisukuma gari, saa ngapi, na kwamba hakugeuka kutazama. Aliandika kwamba Bang Taeung hana kosa lolote, na kwamba mwenye hasira ampigie yeye. Akaweka namba yake ya simu.

Sasa wewe uliye nje unaweza kudhani mambo yaliisha. Kwa saa moja hivi wengi walimsifu, wengine hata walisema wamelia. Kisha likaja jeshi la pili. Wakasema siku tano alikuwa wapi. Wakasema kalipwa, ni shangazi wa Taeung, mbona hata nyusi zao zinafanana. Waliomtukana Taeung wakaanza kufuta maneno yao mmojammoja, na mimi nikafuta yangu nikiwa nimesimama palepale penye pasi. Simu ya Mama Seorin ililia mpaka asubuhi, na yeye, mwanamke huyu, alipokea kila moja. Aliniambia baadaye kwamba wengi wakisikia sauti ya mtu hukosa la kusema.

Hospitalini alipiga magoti mbele ya kitanda cha Mzee Guk. Mzee akamwambia ainuke, anaziba njia ya nesi. Akasema miaka tisa anamwambia asukume gari kwa mikono, aone linakokwenda, yeye anasukuma kwa makalio. Wakacheka wote wawili, halafu Mama Seorin akalia.

Jumatatu mtu akauliza kundini: huyu Mvuke aliyekuza namba ni nani? Maana ndiye aliyemwangamiza kijana. Kufikia mchana jibu lilikuwa limepatikana, kwa namna ileile ya kwetu ya kupata majibu. Mvuke ni Yeom Miok mwenyewe. Alisukuma gari, akamtupia mwingine ili ajifiche, mambo yalipombana akajifanya mwema. Maneno hayo yalipata dole gumba mia sita.

Nilingoja anitaje. Alijua Mvuke ni nani. Neno moja tu lingemtosha. Aliandika: "Si mimi. Ni nani, aseme mwenyewe akipenda." Basi, akaenda kupikia watoto wa watu chakula, na hata makoti yake alipokuja kuyachukua hakuligusia. Aliuliza kama doa la pilipili limetoka.

Lilikuwa limetoka. Mimi ndiye niliyebaki nalo.

Nilifunga duka, nikaenda Jengo la Pili. Taeung alifungua mlango mwenyewe, amekonda, nywele hazijachanwa. Chekechea ilikuwa imempigia arudi, na alikuwa hajajibu. Nilisimama pale mlangoni panapovuliwa viatu, sikuthubutu kuvua vyangu. Nikamwambia Mvuke ni mimi. Nikainama mpaka nikaona ncha za raba zake. Nikasema nisamehe.

Akavitazama viatu vilivyopangwa sakafuni.

"Shangazi," akasema, kama vijana wetu wanavyomwita kila mwanamke wa umri wangu, "ulinitukana mbele ya watu elfu moja na mia mbili. Unaniomba radhi mbele ya viatu vyangu."

Alisema kweli. Nikatoa simu mfukoni. Mikono yangu hubeba pasi ya mvuke tangu asubuhi mpaka jioni, ila siku ile nilibonyeza herufi moja mara tatu. Niliandika: "Mvuke ni mimi, Tak Okbun, dobi. Namba niliikuza mimi. Mama Seorin hakuhusika hata kidogo, na nilimshauri anyamaze akakataa. Bang Taeung nilimdhulumu." Nikaandika na namba yangu ya simu.

Nilimpa asome kabla sijatuma. Alisoma polepole, midomo ikichezacheza, akifika mwisho anarudi juu. Kisha akabonyeza kutuma yeye mwenyewe, akanirudishia simu, nayo ikiwa imeshaanza kulia mkononi mwangu.

"Vua viatu," akasema. "Ingia, utapokelea ndani."