Silabi Ambayo Tumbojoto Haimbi

1.

ko

2.

Hapo ndipo anaponyamaza. Amenyamaza hapo miaka kumi na mmoja, kwenye harusi, kwenye maonesho ya wakulima, kwenye jukwaa la mbao la uwanja wa Kwembago. Hizza Semkiwa, ambaye hakuna amwitaye hivyo ila karani wa sensa, kwa wengine wote ni Tumbojoto, huvuta kodiani yake, kile kinanda cha kubana na kuachia kifuani, mpaka ijae hewa. Hutumbua macho. Huimba:

     Kasikia hodi, kaingia ndani,
     kichwa kakificha, hatoki hadharani,
     mwenzenu huyu jina lake ko

na watu wote uwanjani humalizia:

     BE

Kisha kodiani hutoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, naye huvuta shingo ndani ya koti lake kubwa mpaka kichwa kinapotea. Watu hucheka hadi wakashikana mabega. Ni mzaha mdogo tu.

3. (Mwanjaa, mkewe, akiulizwa wimbo ulitoka wapi)

"Ni wake mwenyewe, msizunguke. Nyoka aliingia jikoni saa tano asubuhi, mimi nikashika mchi. Baba Sefu akapanda kitandani akajifunika shuka mpaka utosini. Nilipommaliza nyoka nikamfuata, nikamwambia toka huko, kobe wewe. Akacheka mle mle ndani ya shuka. Kufika alasiri ukawa wimbo. Mume wangu mwoga, na anajua, na woga ndio kazi yake. Hilo jina la Tumbojoto mlidhani limetokana na pilipili?"

4.

TAARIFA KWA UMMA

Wananchi wote wa Wilaya ya Kwembago mnataarifiwa kuwa Mkuu mpya wa Wilaya, Mheshimiwa F. Z. KOBEKA, amewasili kituoni na kuanza kazi rasmi. Mnaombwa kumpa ushirikiano.

5.

Hebu lisome tena hilo jina. Polepole.

Ndiyo.

6. (Yaliyosikika bombani, ambako maji hayajatoka tangu mfungo uishe)

— Tulikwenda ofisini kwa Mkuu wa Wilaya na ndoo tupu, wanawake arobaini. Tukapiga hodi.

— Akasemaje?

— Katoka kwa mlango wa nyuma.

— Kichwa kakificha.

— Mwenzenu huyu jina lake

Vicheko. Kisha mmoja anageuka kutazama nani yuko nyuma. Mwanjaa alikuwemo katika wale arobaini, na yeye hakucheka.

7.

Siku ya gulio Tumbojoto alipanda jukwaani kama kawaida. Hakuwa amefikiri lolote. Wimbo ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na yule bwana ana miezi miwili kituoni; nani angefikiri? Akafika pale pale, ko, akanyamaza, watu wakasema BE, na kutoka upande wa wauza ndizi sauti moja ikaongeza

     KA

na uwanja mzima ukapasuka. Walirudia wenyewe, mara tatu, nne, wakipiga makofi kwa mkato, be-ka, be-ka. Alijaribu kuwakatiza. "Kobe, jamani. Kobe tu." Wakacheka zaidi, wakadhani ndiyo sehemu ya pili ya mzaha. Alivuta kichwa ndani ya koti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kukitoa.

8.

Kumb. Na. KWB/UTM/22
Yah: KUWASILISHA MANENO YA WIMBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika ofisi ya Utamaduni bila kukosa, ukiwa na maneno YOTE yanayoimbwa katika wimbo wako. Kutofika kutatafsiriwa kuwa ni

(Karatasi imechanika hapo. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mno.)

9.

Chambuso.

Chambuso alikuwa mpiga zeze, hodari wa kuigiza sauti za wakubwa. Mwaka juzi aliitwa kwa mahojiano ya nusu saa. Alirudi baada ya wiki tatu. Hana jeraha, anakula vizuri, anasalimia watu. Ila ukimsimulia kichekesho anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza, "Na wewe nani alikuambia?"

Tumbojoto haogopi kupigwa. Anaogopa kurudi vile.

10.

"Hapa pamebaki wazi," alisema Bwana Shemzigwa, Afisa Utamaduni.

"Hapo mimi sisemi kitu, mkuu."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani? Waorodheshe."

11.

Orodha ya wanaomalizia:

wauza ndizi
mama mwenye kanga ya bluu
fundi baiskeli
wote
~~wote~~
sijui

12.

"Andika neno kamili," alisema Shemzigwa. "Utaliimba mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, tujue umesema nini."

Akaandika: kobe. Ile e ikawa kama mtu aliyejikunyata.

13. (Bi Leokadia, mpiga chapa)

"Nachapa jina la bosi tangu asubuhi hadi natoka. Barua za Kobeka, ratiba ya Kobeka, salamu za Kobeka. Vidole vinajua njia, mimi hata sitazami. Nikianza k, o, b, e, vyenyewe vinamalizia. Wimbo wa mchekeshaji? Ndiyo, ulipita mezani kwangu. Nikaupeleka kwenye muhuri."

14.

KIBALI CHA ONESHO

     mwenzenu huyu jina lake Kobeka

IMEIDHINISHWA.

Masharti: (a) Neno lote litaimbwa na msanii mwenyewe. (b) Kuongeza au kupunguza silabi yoyote ni kosa. (c) Wimbo utaimbwa Jumamosi saa nne asubuhi, uzinduzi wa jengo jipya la utawala, mbele ya mgeni rasmi, Mhe. F. Z. Kobeka.

Nakutakia utekelezaji mwema.

15.

Alirudi ofisini mbio, jasho likimtoka.

"Mkuu, kuna neno hapa limekosewa."

"Neno gani?" Shemzigwa alikuwa akitazama muhuri, si maandishi. "Lisome."

Sekretari wawili walikuwa wamenyanyua vichwa. Mlango wa bosi ulikuwa wazi kidogo.

"Lisome, bwana."

"Ko," alisema Tumbojoto.

"Enhe?"

"Ko"

"Unataka kusema muhuri wa serikali umekosea?"

"Hapana, mkuu."

"Basi kaimbe."

16.

Alimwonesha Mwanjaa. Mwanjaa akasoma, akaweka karatasi chini ya sahani.

"Utaimba nini?"

"Nikiimba kilichoandikwa, nimemtukana. Nikiimba kobe, nimepunguza silabi. Nikinyamaza, watamalizia wao, na watamalizia vile."

"Sema unaumwa."

"Chambuso pia alisema anaumwa."

"Sasa mume wangu, nyoka yuko jikoni. Shuka hakuna."

"Mama Sefu, naogopa."

"Najua. Nitakaa mbele."

17.

Wewe unayesoma. Umekuwa ukimalizia kimoyomoyo tangu namba moja, usikatae.

Basi na wewe umo kwenye orodha.

18.

Jumamosi. Viti vyeupe, zulia jekundu, jengo jipya lenye mabomba mapya yasiyotoa maji. Mheshimiwa amekaa katikati, mtu mfupi, mpole wa kutazamwa, kola imemzidi shingo. Shemzigwa ana nakala ya kibali magotini na kalamu mkononi. Tumbojoto anaona yote haya kwa uwazi wa ajabu, hadi kofia ya kalamu iliyotafunwa.

     Kasikia hodi, kaingia ndani,

Shingo inaingia kotini kabla ya wakati wake. Wachache wanacheka, wanadhani anaigiza.

     kichwa kakificha, hatoki hadharani,

Anavuta kodiani mpaka mwisho wa mikono yake.

     mwenzenu huyu jina lake ko

19.

20.

Hakuna aliyemalizia.

Wauza ndizi wanatazama miguu yao. Fundi baiskeli anakohoa na kukimeza kikohozi. Miaka kumi na mmoja, na leo uwanja mzima una matumbo ya joto. Tumbojoto hakuwahi kujua kwamba pale alipokuwa akinyamaza palikuwa parefu hivi. Kodiani inavuja hewa taratibu, fsss, na ikiisha itambidi afungue mdomo mwenyewe.

Kalamu ya Shemzigwa imegusa karatasi.

Mheshimiwa ameinama mbele kidogo, anasubiri, kama mtu asiyeujua wimbo na anayetaka kuujua.

Mstari wa mbele mwanamke mmoja anasimama. Ameleta ndoo. Anaiweka chini, tupu, nayo inalia juu ya saruji mpya.

"Be," anasema Mwanjaa.

Kisha anavuta pumzi