Picha Sita za Bure

Nilitangaza mtandaoni kwamba natoa picha sita bure, na tangu hapo nimewafukuza watu tisa.

Zilikuwa mali ya marehemu mume wangu, Chaman. Zilichongwa kwenye mabamba ya shaba huko Uholanzi, karne ya kumi na tisa, kisha zikachapwa kwenye karatasi: mitaa ya Amsterdam, mfereji, wauza samaki, mjakazi aliyepiga magoti akisugua kizingiti cha mlango. Chaman alizipenda kuliko chakula changu. Binti yetu Alka, anayenijibu kwa Kiingereza kila nikimpigia simu, anasema nyumba hii ya Harrow, hapa London, imejaa takataka, nipunguze. Haya, nikapunguza. Lakini mimi Hansa, mzaliwa wa Mombasa, simpi mtu kitu kabla hajanywa chai yangu, na akishakunywa namwona ana kasoro. Mmoja alitaka fremu tu. Mwingine angezitundika chooni. Bibi mmoja hakuwa na kasoro yoyote, nikamwambia nimebadili nia.

Jumamosi akaja Albert, Mkongo wa Tottenham, na gari la kuazima. Aliposikia nimezaliwa Mombasa akaanza Kiswahili chake cha Bukavu. Na mimi, ambaye tangu Chaman afariki naongea Kiswahili na sufuria, nikamcheka matamshi mpaka chai ikamwagika. Naye akanicheka yangu. Akala kachori nne. Nikasubiri kasoro.

Alisimama kitambo mbele ya yule mjakazi. Akanieleza kwamba yeye husafisha ofisi, huanza alfajiri, na wenye ofisi wakifika humpita tu. Akanionyesha: mabwana watatu wenye kofia ndefu wanapita nyuma ya mjakazi, na hakuna hata mmoja anayemtazama. Miaka arobaini nimefuta vumbi kwenye kioo kile, sikuwahi kuliona hilo. Basi nikajua nimepatikana. Huyu hana kasoro.

Akaanza kuzishusha. Ya kwanza, ya pili. Kila moja iliacha mraba mweupe ukutani, na mimi roho ikaniuma. Nikamwambia vioo vina vumbi, aje siku nyingine. Akasema atavifuta mwenyewe. Nikasema kamba zimechakaa. Akasema anazo kamba garini. Mtu mbishi huyu!

"Ukizichukua zote leo," nikamwambia, "nani atakuja tena?"

Nilitamani kujing'ata ulimi. Albert akatazama vikombe viwili mezani, kisha akanitazama mimi. Hakunipa pole, na namshukuru kwa hilo. Akazirudisha zile mbili ukutani, akashusha moja tu, ya mfereji, ambayo hata hakuwa ameitupia jicho.

"Huyu mama wa kusugua nitamubeba wa mwisho," akasema. "Nitarudi Jumamosi."

Alipoondoka nikalifuta tangazo. Halafu nikaenda kuosha vikombe viwili, polepole.