Theluthi ya Kushoto

"Katikati," mpiga picha alimwambia mteja. "Kidevu juu kidogo. Usicheke, za pasipoti hazitaki kicheko."

Kazi ya studio ilikuwa hiyo kutwa nzima: mtu katikati, ukuta mweupe nyuma. Ilimchosha mpaka basi. Ndiyo maana kila Jumamosi alikwenda kwa Mzee Lenzi, aliyewahi kuyapigia magazeti picha, akajifunze kupiga milima na mabonde.

Mzee Lenzi alimfundisha mambo mawili, akayarudia mpaka yakamwingia mkononi. Picha ya mandhari hutengenezwa na kile unachokiacha nje. Na kitu muhimu usikiweke katikati kama mtu wa pasipoti. Gawa fremu sehemu tatu, ukiweke theluthi ya kushoto au ya kulia, jicho lipate pa kutembea.

Alikuwa mwanafunzi hodari. Kwanza aliacha nje nguzo ya umeme iliyomharibia machweo, na nguzo ikaondoka kweli, si pichani tu. Mtaa ukakaa gizani mpaka mafundi walipokuja kusimika nyingine, wakinung'unika. Kisha kikaondoka kibanda cha kinyozi. Kinyozi alibaki amesimama na mashine mkononi, mteja wake amenyolewa upande mmoja.

"Dada, ukitoka kupiga picha uwe unatuambia," alisema kinyozi.

Akaahidi. Kibanda hakikurudi. Mzee Lenzi alisema mkono umekomaa.

Sifa zikamfikia meneja wa kampuni iliyotaka kujenga hoteli bondeni. Alikuja studio, akakalia kiti cha pasipoti bila kukaribishwa. Alitaka picha ya bango: ziwa, mlima na ukungu wa asubuhi.

"Ile nyumba ya bati pale chini uiache nje," alisema. "Mwenyewe tumembembeleza ahame, kichwa kigumu."

Mwenyewe alikuwa shangazi yake mpiga picha, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Angekataa, wangetafuta mwanafunzi mwingine wa Mzee Lenzi. Basi akakubali, ila kwa nia yake mwenyewe.

Alfajiri alipanda mlimani na kamera. Chini kule shangazi alikuwa akifagia uwanja. Mpiga picha alirudi nyuma taratibu mpaka nyumba yote ikaingia, na kamba ya nguo, na shangazi na ufagio wake. Alibana pumzi, akabonyeza. Nyumba ilikuwa imo, mwanga umeliangukia bati. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile, na alilia kwa furaha peke yake huko juu.

"Mbona nyumba imo?" aliuliza meneja.

"Ndivyo bonde lilivyo."

Meneja aliichukua picha. "Haya, hakuna shida," alisema, kwa upole uliomnyima mpiga picha usingizi.

Siku bango lilipopandishwa barabarani, mpiga picha aliliona kupitia dirisha la studio. Ziwa, mlima, ukungu. Upande wa kushoto walikuwa wameukata. Picha ya mkono wake ilifanya kazi hata mkasi ukiwa wa mwingine. Alimwacha mteja kitini, akakimbia mpaka bondeni, pumzi juu juu, akiita.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye nyasi pale mlango ulipokuwa, ndoo kichwani, ufunguo mkononi.

"Nilikwenda kuteka maji," alisema. "Nimerudi, haipo."

"Nilikuweka ndani, shangazi. Haki ya Mungu nilikuweka."

"Uliniweka wapi?"

"Kushoto. Theluthi ya kushoto."

Shangazi alitua ndoo. "Na katikati ulimweka nani, mwanangu?"

Katikati palikuwa na maji na ukungu. Mkono ulikuwa umefanya ulivyofundishwa, wala hakuuuliza. Akabeba ndoo.

Shangazi alihamia chumba cha nyuma cha studio. Ufunguo aliutundika msumarini, kando ya koti. Kampuni ilizungushia bonde uzio, na anayetaka kuteka maji ziwani sasa anahitaji kibali chenye picha. Meneja alipiga simu kusifu bango na kuulizia upande wa pili wa mlima, kwenye nyumba nyingi zaidi.

Asubuhi hiyo hiyo shangazi alikalia kiti cha pasipoti, apigwe picha ya kibali. Mpiga picha alikisogeza, akapima kwa jicho, akakisogeza tena, mpaka pua ya shangazi ikawa katikati kabisa.

"Kidevu juu kidogo," alisema. "Usicheke."

"Sicheki," alisema shangazi.